Watu Thelathini na Jibu Moja

Asteria alipomaliza digrii yake ya kwanza, baba yake Bujiku alichinja fahali, akasimama mbele ya kijiji kizima na kutangaza kwamba shule imekwisha. Hakusema imekwisha kwa sasa, wala hakusema ni sehemu ya kwanza. Alisema imekwisha, akarudia kwa Kisukuma ili bibi waliokaa nyuma nao wasikie. Watu wakala nyama ya kumaliza shule, wakajifuta midomo, wakaenda zao.

Ndiyo maana miaka mitatu baadaye, Asteria aliposhuka kwenye basi pale Tinde na begi la makaratasi na kusema kwamba amerudi chuo, anasoma mastaz, Bujiku alikosa pa kuuweka uso wake.

"Kwa hiyo ile haikuisha?" jirani yake Mwigulu alimuuliza jioni ileile.

"Iliisha."

"Iliisha, lakini anasoma."

"Hii ni nyingine. Iko juu ya ile."

Mwigulu alijikuna shingo akifikiri. Darasa la pili lilimshinda akiwa bado mdogo, na tangu siku hiyo alifuatilia elimu ya watoto wa wenzake kwa makini mno. "Baba Asteria, mimi sisemi kitu," alisema. "Ila kwa tulivyozoea, mtu anayerudi shule baada ya kumaliza ni yule aliyekariri darasa. Sasa sisi tuliokula yule fahali sijui tutafanyaje. Kumrudisha hatuwezi."

Bujiku alikwenda kulala na maneno hayo. Kilichomtia hofu si Mwigulu. Mkewe Bernadina alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakati wa masika, na siku zile za mwisho alimwambia jambo moja tu kuhusu mtoto: asiachie shule njiani. Bujiku alijibu ndiyo, bila kujua njia yenyewe ina urefu gani. Mtu akishajibu ndiyo mbele ya mgonjwa hawezi tena kwenda kuuliza vizuri alijibu nini.

Zamani mambo yalikuwa rahisi kuelewa. Kila likizo Asteria alirudi na madaftari yaliyojaa, akakaa jikoni na mama yake. Bernadina hakujua kusoma, lakini alishika daftari, mara nyingine juu chini, akamtazama mtoto usoni wakati anakariri. Asteria akisita tu, mama anasema, "Rudia." Hakukosea hata mara moja. Matokeo yakitoka, Bujiku aliuliza, "Umefaulu?" Asteria akajibu, "Nimefaulu." Basi.

Sasa Asteria alikaa mezani siku nzima na karatasi moja. Hakukariri wala hakusoma kwa sauti. Aliandika mstari, akaukata, akatoka nje, akawatazama ng'ombe zizini, akarudi, akaukata tena ule aliokwisha kuukata.

"Umefaulu?" Bujiku alimuuliza siku ya nne.

"Bado baba. Sijajua hata ninachotafuta."

Bujiku alishtuka. Miezi kumi chuoni, na hajui anachotafuta! "Walimu wako wanasemaje?"

"Msimamizi wangu, Dokta Klara, anasema niendelee kutafuta."

"Yeye hakuonyeshi?"

"Haonyeshi."

Siku hiyo Bujiku hakumaliza ugali wake.

Siku mbili baadaye Asteria alikwenda Shinyanga mjini kutoa nakala za karatasi zake, akaacha moja mezani. Bujiku alifunga mlango, akavaa miwani, akaisoma polepole kwa kidole. Yalikuwa maswali kumi na mawili kuhusu magonjwa ya ng'ombe. La tatu lilisema: *Ng'ombe wako anapougua, unafanya nini kwanza?* Chini ya kila swali palikuwa na nafasi tupu. Juu kabisa paliandikwa kwamba maswali hayo yatajibiwa na wafugaji arobaini na watano.

Hapo ndipo kila kitu kilipomwelea, au ndivyo alivyodhani. Huu ulikuwa mtihani. Na huko juu kwenye mastaz, mtihani haufanywi na mwanafunzi. Unafanywa na kijiji chake! Alipoigeuza upande wa pili akakuta orodha ya majina, na jina la saba lilikuwa Mwigulu. Mtu aliyeshindwa na darasa la pili ndiye atakayemfanyia mwanawe mtihani wa chuo kikuu.

Angekuwa baba mwingine angelia. Bujiku alichukua fimbo yake akaenda kufundisha.

Kwanza alihitaji majibu. Kwenye ukuta wa josho la kijiji palikuwa na bango la zamani, limepauka kwa jua, lakini maandishi yalikuwa bado yanasomeka: ng'ombe akiugua, mtenge na wenzake, mwite bwana mifugo ndani ya saa ishirini na nne, usitumie dawa usizozijua. Bujiku aliyanakili yote nyuma ya kadi ya harusi. Jumamosi, siku ya kuogesha ng'ombe, karibu watu wote wa kwenye orodha walikuwa pale wanangoja zamu. Akasimama juu ya ukuta wa josho.

"Mwigulu. Ng'ombe wako akiugua, unafanya nini kwanza?"

"Namwangalia."

"Kosa!"

"Kosa vipi? Kwanza si lazima nimwone?"

"Unamwita bwana mifugo."

"Yupi?"

"Wa serikali."

"Yuko wapi?"

"Mwigulu, mtihani hauulizi yuko wapi!"

Mwigulu aliuliza kwa haki, maana kijiji hakikuwa na bwana mifugo. Wa mwisho alihamishwa miaka sita iliyopita, na aliyekuja baada yake alionekana mara moja tu, akapiga picha na josho, akapotea. Lakini watu walielewa kwamba mtoto wa Bernadina yuko kwenye mtihani, na hakuna aliyetaka kuwa yeye aliyemwangusha. Wakajipanga. Wakaitikia kwa sauti moja, ng'ombe wakashtuka ndani ya maji.

Zipora, mjane mwenye ng'ombe kumi na neno lisilokatika, alinyoosha mkono. "Na hapa wanapouliza kuhusu dawa za majani, mimi niseme nini?"

"Hutumii."

"Natumia."

"Siku ya mtihani hutumii, Mama Theonest."

"Haya. Na nikiulizwa mara ya pili?"

"Unajibu vilevile. Usiongeze kitu. Wewe ndiye ninayekuhofia kuliko wote."

Wale waliokuwa mbali aliwafundisha kwa simu. Mmoja alikuwa Deusdedit, mtoto wa dada yake, ambaye ng'ombe wake walikuwa kijijini lakini mwenyewe alichimba dhahabu upande wa Bugarama. Deusdedit alilipokea jibu, akalirudia mara mbili, akasema mjomba asiwe na wasiwasi.

Jumatatu Asteria alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Bujiku alimfuata nyuma akimbebea kigoda, akisema kwamba mbwa wa siku hizi ni wakali. Kwa Mwigulu walimkuta amevaa koti lake la kanisani, saa tatu asubuhi, na jua linachoma.

"Shikamoo baba," Asteria alisema.

"Ndani ya saa ishirini na nne!" Mwigulu alijibu.

Bujiku alikohoa kwa nguvu.

"Marahaba," Mwigulu alisema, akifuta jasho. "Marahaba mwanangu. Karibu. Mengine yatafuata."

Asteria alimtazama, kisha akamtazama baba yake, kisha akaandika. Jioni ya siku ya pili aliuliza, "Baba, huyu bwana mifugo wanayemsema anaishi wapi?"

"Anazunguka," Bujiku alisema.

Asteria hakuuliza zaidi. Alikuwa amechoka, siku zilikuwa zimemwishia, na majibu yalikuja mepesi kama maji ya bomba. Mtu aliyekata mistari wiki nzima hana nguvu ya kugombana na bahati yake. Ijumaa alipiga picha karatasi thelathini za kwanza, akamtumia Dokta Klara.

Dokta Klara alipiga simu Jumapili mchana. Simu ya Asteria ilikuwa imeanguka kwenye hori la ng'ombe, tangu hapo ilisikika kwa spika tu, kwa hiyo Bujiku, aliyekuwa uani akikatakata majani ya viazi, alisikia yote.

"Asteria, nikuulize. Kijiji chenu kina watu thelathini au mtu mmoja?"

"Wengi, Dokta."

"Nimesoma karatasi thelathini. Watu thelathini wana jibu moja. Mpaka nukta. Wote wanamwita bwana mifugo ndani ya saa ishirini na nne. Huyo bwana mifugo ni malaika? Nipe namba yake, hata mimi nina ng'ombe wawili."

Asteria alizivuta zile karatasi, akaanza kuzipekua.

"Sikiliza mwanangu. Ulikuja kwangu na alama nzuri kuliko wenzako wote, na ndilo tatizo lako. Kila ukiniandikia, naona unanitafutia jibu nitakalolipenda. Kikao cha idara ni baada ya wiki tatu. Wakiona hiki ulichonitumia, watakufuta kwenye orodha ya wanafunzi, na mimi sitakuwa na la kukutetea. Nenda kaulize upya."

Simu ilikatika. Bujiku aliacha majani akaingia ndani mbiombio, kisu bado mkononi.

"Huyo mwalimu ana wazimu!" alisema. "Wote wamepata! Hata Mwigulu amepata! Hakuna hata mmoja aliyekosa, sasa kufutwa kwa nini?"

Asteria aligeuka taratibu. "Baba. Umejuaje kwamba wamepata?"

Bujiku alitazama kisu chake. Halafu akaeleza kila kitu, bango, kadi ya harusi, fimbo, mpaka simu za mbali. Alieleza kwa fahari mwanzoni, na alivyoendelea kumtazama mtoto, fahari ikampungua, na alipofika kwa Zipora na majani yake alikuwa ananong'ona.

Asteria aliweka kichwa mezani. Mabega yake yalitikisika, na Bujiku hakujua kama analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili.

"Baba, kule kwenye digrii, mwalimu alikuwa na jibu mfukoni. Kazi yangu ilikuwa kulijua kama yeye anavyolijua. Huku hana. Dokta Klara hajui watu wa hapa wanafanya nini ng'ombe wakiugua."

"Hajui?"

"Hajui. Hakuna anayejua. Mimi ndiye natakiwa nijue kabla yake."

"Na bado wanamwita mwalimu!"

Usiku ule Bujiku hakupata usingizi, na asubuhi alipanda gari la kwenda Kahama, kisha jingine mpaka Bugarama. Alijiambia kwamba anakwenda kumfuta Deusdedit lile jibu, kwa kuwa lingine la kufanya hakulijua.

Alimkuta kwenye machimbo madogo, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu, amekaa na mwenzake aitwaye Chacha wakila mihogo.

"Mjomba! Shikamoo!"

"Marahaba. Lile jibu nililokupa, lisahau."

"Nitalisahau vipi na nimelikariri? Hata huyu nimemfundisha."

"Ndani ya saa ishirini na nne," alisema Chacha, mdomo umejaa muhogo. Chacha alitoka Tarime na hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Bujiku alikaa juu ya mfuko wa mawe, akasimulia. Deusdedit alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akamwonyesha mashine ya kusagia iliyokuwa inanguruma upande wa pili wa njia.

"Unaiona karasha ile, mjomba? Pale unaletewa mawe yaliyokwisha kujulikana kwamba yana dhahabu. Wewe unasaga, unaosha, unatoa. Ukikosea, bosi anakukamata, maana anajua mfuko ulikuwa na nini. Ni kazi, sikatai, wengi inawashinda. Hiyo ndiyo ile digrii uliyochinjia fahali. Sasa njoo huku."

Akampeleka kwenye duara, shimo jembamba lenye magogo mdomoni na kamba iliyoshuka gizani. Bujiku alichungulia akarudi nyuma haraka.

"Futi arobaini na mbili," alisema Deusdedit. "Miezi minne. Humo ndani kuna nini?"

"Dhahabu."

"Nani kakwambia?"

"Si unachimba?"

"Nachimba kwa sababu sijui."

"Na tajiri mwenye duara?"

"Naye hajui. Ndiyo maana kila jioni anakuja kuniuliza mimi."

Bujiku alilifikiria hilo. "Na usipoikuta?"

"Nitapiga kelele kidogo, nitalewa kidogo, kisha tutajua kwamba hapa haipo. Geita nilichimba miaka sita, mashimo mangapi yalikuwa matupu? Lakini hakuna anayerudi kuyachimba yale. Tumeshajua." Deusdedit alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ila mjomba, siku moja kuna mtu alitumwagia vumbi la dhahabu ndani ya duara, tulipopumzika. Kidogo tu, tuone rangi tufurahi, tusikate tamaa. Tulichimba pale wiki tano. Alikuwa rafiki yetu, na alitupenda kweli."

Bujiku alibaki amesimama kando ya shimo, anapangusa vumbi kwenye kofia isiyokuwa na vumbi.

Alirudi kijijini akidhani kufuta kutakuwa rahisi kuliko kufundisha. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu waseme ukweli. Watu walimpokea vizuri, wakampa maji ya kunywa, wakakataa.

"Nakujua wewe," alisema Mwigulu. "Umegombana na mtoto, sasa unataka tumwangushe."

"Sijagombana naye."

"Basi ni mtego. Mwalimu amewatuma mtupime kama tunajiamini. Mimi jibu langu ni lilelile, na safari hii nitalitoa bila koti."

Zipora alikuwa mkali zaidi. "Baba Asteria, siku tano nimejizuia nisiseme kitu. Siku tano! Unajua nilivyoumwa kichwa? Na sasa unasema haikuwa na maana?"

Zilibaki siku kumi na moja kabla ya kikao. Asteria alikwenda kwa watu sita, akapata mabwana mifugo sita. Jioni alianza kupanga nguo zake kwenye begi, polepole, bila kusema, kama mtu anayekunja vitu vya marehemu. Bujiku alimtazama kutoka mlangoni. Aliujua ukunjaji ule. Yeye mwenyewe alikunja hivyo mwaka jana, gauni baada ya gauni.

"Jumamosi uje joshoni," alimwambia. "Na kigoda, na karatasi. Utaanza na mimi."

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa kuwa Mwigulu alikuwa ametangaza kwamba Bujiku anafanya mtihani. Bujiku alikaa kwenye kigoda katikati yao, Asteria mbele yake, na ng'ombe wanapita pembeni wakichuruzika maji.

"Swali la tatu," Asteria alisema, sauti yake haina nguvu. "Ng'ombe wako anapougua, unafanya nini kwanza?"

"Sifanyi kitu," alisema Bujiku.

Watu walinong'ona. Mwigulu alimwonyesha vidole, viwili, halafu vinne.

"Naita," Bujiku aliendelea. "Nilikuwa naita. Nasimama hapo zizini, napiga kelele, Bernadina, huyu ng'ombe ana nini? Anatoka jikoni na mikono ya unga. Anamgusa hapa chini ya mbavu, ananusa pumzi yake, ananiambia nimshike pembe nisisemeseme. Mimi kazi yangu ilikuwa pembe. Miaka thelathini na moja nimeshika pembe, na watu wanasema Bujiku anajua ng'ombe."

Asteria alikuwa ameacha kuandika. "Na tangu mama afariki?"

"Wanne wamekufa. Niliwaambia watu nimewauza mnadani Mhunze."

"Nilijua!" alisema Mwigulu. "Ng'ombe wa mnadani haburuzwi kwa miguu!"

Hakuna aliyemcheka Bujiku. Zipora, aliyejizuia siku nyingi kupita kipimo chake, akashindwa.

"Na mimi nilikuwa namwita yeye! Ndama wangu wote wa mwaka ule wa ukame, nani aliwaponya? Alikuja na mafuta ya kula na magadi, akamnywesha ng'ombe aliyevimba, akamtembeza mpaka kule kwenye mkuyu. Bwana mifugo gani? Bwana mifugo alikuwa mke wako!"

"Mimi aliniletea majani," alisema mzee mmoja. "Saba."

"Matatu!" alisema mwingine.

"Saba, ameyahesabu mbele yangu."

"Mimi," alisema Mwigulu, amesimama, anasahau kwamba anajiamini, "mimi alimtibu ng'ombe wangu, na siku ya pili tumbo langu likajaa, akanitibu na mimi. Dawa ileile."

"Ulipona?"

"Nilipona kabla ya ng'ombe!"

Josho zima likaangua kicheko, na Bujiku akacheka kuliko wote, huku machozi yakimtoka, akiyaacha yatoke. Watu walianza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja na kipande chake, wakisahihishana, mpaka Asteria akapanda juu ya ukuta wa josho.

"Mmoja mmoja!" alipiga kelele. "Msisikilizane! Baba Mwigulu, nenda kule kwenye pampu. Mama Theonest, huku, nyuma ya ukuta. Na msifundishane, tafadhali, jamani, nawaomba!"

Kazi ilichukua siku nne. Safari hii Bujiku alikaa mbali na kigoda. Lakini usiku, Asteria alipotandaza karatasi mezani, alishindwa kujizuia akachungulia. Hakukuwa na mbili zinazofanana. Mmoja alisema magadi kwanza, mwingine mafuta kwanza. Mmoja alisema upande wa kushoto wa tumbo. Zipora alikuwa na karatasi tano peke yake. Moyo wa Bujiku, uliozoea matokeo, ulimuuma kwa kuona vurugu ile.

"Sasa nani amepata?" aliuliza.

"Sijui, baba," alisema Asteria, na alitabasamu akilisema.

Jumatano alimpigia Dokta Klara. Bujiku hakujificha tena uani, alikaa palepale mezani karibu na ile spika. Asteria alieleza kwa muda mrefu. Alieleza kwamba watu kumi na tisa kati ya arobaini na watano walikuwa wakimwita mtu mmoja, kwamba mtu huyo alikuwa mama yake, kwamba ameondoka na ujuzi wake, na kwamba kila nyumba imebaki na kipande ambacho nyumba nyingine haina.

Upande wa pili ilisikika kalamu ikiandika.

"Pole kwa mama," Dokta Klara alisema mwishowe. "Yeye alijifunza kwa nani?"

Asteria alimgeukia baba yake. Miaka thelathini na moja, watoto, ng'ombe wangapi, na Bujiku hakuwahi kumuuliza.

"Hatujui, Dokta."

"Wewe na nani?"

"Na baba. Yuko hapa."

"Shikamoo mzee," ilisema simu. "Nimesikia habari zako. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufukuza."

"Marahaba," alisema Bujiku kwa heshima. "Ungefanya vizuri."

Dokta Klara alicheka, kisha sauti yake ikawa ya kazi. "Asteria, hilo liandike vizuri uniletee kabla ya kikao. Liandike kama swali. Usiniletee jibu, maana huna. Mbele ya kikao nitasimama mimi mwenyewe. Halafu uwatafute watu wa upande wa mama."

Watu wa upande wa Bernadina walikuwa Mhunze, dada yake mkubwa akiwa bado hai, mkali, na mwenye kumbukumbu nzuri. Wiki ya pili baada ya kikao kumpitisha, Asteria alipotoka nyumbani alfajiri kwenda kupanda gari, alimkuta baba yake kituoni, amenyoa ndevu, ana shati la pasi.

"Si lazima uje, baba. Hii ni kazi yangu."

"Kazi yako iko kwenye karatasi. Mimi nina yangu."

"Ipi?"

Bujiku alitazama upande gari linakotokea. "Nataka kumuuliza shemeji. Mama yako alijua mambo ya ng'ombe tangu msichana, au alijifunza baada ya kuolewa na mtu asiyejua kitu?"

Asteria alicheka mpaka akashika begi lisianguke. Akatoa kalamu. "Nikuandikie kabisa jibu atakalotoa?"

"Thubutu!" alisema Bujiku, akampokonya kalamu na kuificha mfukoni mwake, na gari lilipofika alipanda wa kwanza ili akae dirishani.